Wenye Hatifungani Walilipwa, Wapagazi Bado

Tarehe 9 Machi 2015 Hazina ya Uingereza ilimaliza kulipa hatifungani za Vita Kuu ya Kwanza zilizotokana na mkopo wa mwaka 1917. Zilizokuwa zimebaki zilifikia takriban pauni bilioni 1.9, na waliokuwa wakizishika walizidi watu 120,000, wengi wao wakiwa na kiasi kidogo tu. Miaka mitano kabla yake, tarehe 3 Oktoba 2010, Ujerumani nayo ilikuwa imetoa malipo ya mwisho ya hatifungani ilizouza baada ya vita hivyo hivyo ili ipate fedha za kulipa fidia. Karibu miaka 100 ilikuwa imepita. Waliokopesha walishazikwa zamani. Warithi wao walilipwa hata hivyo, na hakuna waziri wa London wala Berlin aliyesimama bungeni akasema deni limezeeka.

Tunaanza na hesabu hizo kwa makusudi. Kila suala la wapagazi wa Afrika Mashariki waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo linapoguswa, tunaambiwa mambo hayo ni ya kale, wahusika wamekufa, daftari zimepotea, na samahani imekwisha kutolewa. Gazeti hili limeyapima maneno hayo na limeona hayana uzito. Dola iliyoweza kumtunzia mrithi wa Manchester hati ya pauni 100 kwa karne nzima ingeweza kumtafuta mjane wa mpagazi Machakos, Kisumu, Tukuyu au Mwanza. Ilichagua kutomtafuta, na uchaguzi huo upo kwa maandishi.

Vita hivyo havikuwa na haja ya kufika huku. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule uliowapa wakubwa wa Ulaya kisingizio cha kuigawana Afrika, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu bonde la Kongo na nchi za jirani, makoloni ya Afrika Mashariki yakiwemo, zibaki nje ya ugomvi wa Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka kukitumia kifungu hicho. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ikaipiga Dar es Salaam mizinga ikilenga mnara wa redio. Wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kuilinda nchi wala watu wake. Alichotaka ni kuwavuta askari wengi wa Uingereza waje kumwinda porini ili wasipelekwe Ufaransa. Akawazungusha miaka minne: Tanga, Kilimanjaro, Rufiji, Mahiwa, kuvuka Ruvuma hadi Msumbiji, kisha kurudi tena, mpaka alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Wako wanahistoria wa kijeshi wanaomsifu hadi leo kwa werevu huo. Sisi hatuna sifa ya kumpa mtu aliyeifanya nchi nzima chambo.

Anayetaka kuielewa dhuluma iliyofuata na aanze na hesabu ya mzigo. Nje ya reli, magari yalizama kwenye matope ya masika na mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Kilichobaki kubebea ni kichwa cha mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu kilo 25. Yeye mwenyewe anahitaji kama kilo 1 ya posho kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 za mzigo wake amezila yeye, na askari aliyeko mbele anapata kilo 5. Jeshi likisogea siku tatu zaidi, hata hizo 5 hazibaki isipokuwa apatikane mpagazi wa kumbebea mpagazi, na mwingine wa kumbebea huyo. Kwa hiyo kila hatua ya jenerali mbele ya ramani ilikuwa amri ya kukamata maelfu ya watu nyuma yake. Jan Smuts, jenerali wa upande wa Uingereza, alipokimbilia Rufiji mwaka 1916 akitaka kumaliza vita kwa haraka, aliyajua hayo. Askari wake wenyewe walikuwa wakila nusu posho. Wapagazi ndio walioziba pengo kwa miili yao.

Sheria haikuchelewa. Mwaka 1915 utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo ndiyo Kenya ya leo, ulipitisha sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa nguvu. Na mshahara ukapunguzwa mpaka rupia 5 kwa mwezi, kwa kuwa masetla walilalamika kwamba jeshi likilipa vizuri watakosa vibarua wa bei ya chini mashambani mwao. Tuelewane hapo. Mtu alikamatwa kwa sheria, akapangiwa ujira na watu wasiotaka alipwe, kisha akapelekwa vitani. Wagiriama walikuwa wameonyesha mapema nini humpata anayekataa: mwaka 1914, baada ya upinzani ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuuchochea, kaya yao ililipuliwa kwa baruti, wakapigwa faini, wakafukuzwa kutoka kaskazini mwa Mto Sabaki, na juu ya hayo wakadaiwa watu wa kwenda kubeba mizigo.

Kisha ukaja mwaka 1917. Januari ya mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza mkopo mpya wa vita, riba asilimia 5, na raia wake wakabembelezwa kwa mabango na hotuba watoe akiba zao. Machi ya mwaka huo huo, Nairobi, afisa wa kikoloni John Ainsworth alipewa madaraka ya kukusanya watu wa kubeba. Hakukuwa na bango. Machifu walipangiwa idadi, vijiji vikazingirwa usiku, na wanaume zaidi ya laki moja wakazolewa katika miezi michache kutoka Nyanza, Ukambani, nchi ya Wakikuyu na Pwani. Vita ni vile vile na hazina ni ile ile. Mwenye fedha aliombwa, akapewa hati na riba. Mwenye shingo alitekwa, akaahidiwa theluthi ya pauni kwa mwezi.

Idadi yao kwa jumla, upande wa Uingereza peke yake na tukihesabu walioshikwa Nyasaland (leo Malawi), Rhodesia, Uganda na sehemu za Tanganyika zilizokwisha tekwa, inakaribia milioni moja. Vifo vilivyokiriwa rasmi ni zaidi ya 95,000. Karibu watu 45,000 kati yao walitoka Kenya, na mwanahistoria Edward Paice ameilinganisha hasara hiyo na mtu mmoja katika kila wanaume wanane wa nchi ile. Risasi iliua wachache. Waliouawa na unga uliosagwa vibaya na maharage yasiyoiva ni wengi kuliko waliouawa na bunduki za Kijerumani: hakuna kuni kavu, hakuna sufuria za kutosha, hakuna muda wa kupika, na watu waliozoea ndizi za Uganda au vyakula vya milimani wakatupiwa posho ambayo matumbo yao hayakuijua. Kuhara damu kukafanya kazi yake, malaria na kichomi vikamalizia. Haya hayakuwa majaliwa. Oscar Watkins, aliyewasimamia wapagazi, aliandika akalalamika, akadai chakula bora, hospitali, daftari la majina na vibati vya utambulisho. Pale aliposikilizwa vifo vilipungua, jambo linalothibitisha kwamba pale asiposikilizwa watu walikufa bila sababu.

Wala isisemwe kwamba enzi zile watu hawakuwa na macho ya kuona. Novemba 1914, miezi mitatu tu tangu vita vianze, mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliliandikia gazeti la huko barua akihoji kwa nini Waafrika waitwe kufa katika ugomvi usiowahusu, ilhali matajiri, wenye mabenki na wenye mashamba makubwa wanabaki na mali zao. Serikali iliizuia barua hiyo. Miezi miwili baadaye Chilembwe akaasi, na Februari 1915 alikuwa amekufa kwa risasi. Swali lake hadi leo halijajibiwa na mtu yeyote mwenye cheo.

Baada ya vita, afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika kwenye jalada kwamba kampeni ya Afrika Mashariki iliponea chupuchupu kuwa kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na baada ya yote nani anawajali wapagazi. Tunamshukuru afisa huyo kwa ukweli wake. Ameturahisishia kazi ya kutoa hukumu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Maelfu walikufa wakiwa hawajachukua mishahara yao. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha hesabiwa. Hazikuwa madai ya kubuni ya wanasiasa wa miaka hii. Jamaa wa marehemu hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii, na muda wa kudai ukawekewa mwisho. Watu wa serikali ya kikoloni yenyewe, wakiwemo Watkins na Ainsworth, wakapendekeza jambo ambalo hata leo linaonekana la haki: kama mwenye mshahara hapatikani, basi jumla ya mishahara hiyo itumike kwa manufaa ya jamii alikotoka. London ikakataa. Fedha ya marehemu ikarudi kwenye mfuko wa yule yule aliyemkamata.

Tumefanya hesabu ndogo, na yeyote anaweza kuirudia kwa kikokotoo. Pauni 1 iliyobaki mikononi mwa Hazina mwaka 1917, ikipewa riba ile ile waliyopewa wenye hatifungani, asilimia 5 mpaka mwaka 1932 serikali ilipoishusha, kisha asilimia 3.5 mpaka mwaka 2015, ingekuwa zaidi ya pauni 36. Rupia 15 zilikuwa pauni 1. Tuseme mpagazi alikufa akidai mishahara ya miezi tisa, yaani rupia 45, ambazo ni pauni 3. Anadai takriban pauni 108. Tuseme wa namna yake ni 40,000. Jumla haifiki pauni milioni 4.4. Kwa dola iliyotoa bilioni 1.9 siku moja ya Machi, hicho ni kiasi cha kulipwa kabla ya chai ya saa nne. Hoja kwamba Uingereza haina uwezo, au kwamba madai haya yatafilisi walipa kodi wake, tunaitupa nje.

Hatusemi kwamba pauni 108 ndiyo thamani ya mtu. Tunasema kwamba hata zile ambazo mwajiri mwenyewe alikubali kuwa anadaiwa, hakulipa.

Tuje kwenye makaburi. Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Uingereza ilianzishwa kwa hati ya kifalme Mei 1917, na msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Msingi huo ulishikwa Ufaransa na Ubelgiji. Hapa kwetu uliachwa njiani. Tembelea makaburi ya vita ya Taveta, Voi, Moshi au Dar es Salaam uone mawe yaliyopangwa kwa mstari, majina ya Waingereza, Waafrika Kusini na wengine yakisomeka vizuri. Kisha uliza walipo wapagazi. Nyaraka za tume hiyo zinaonyesha kwamba gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na hakutaka kuziangalia takwimu za Waafrika waliokufa katika kampeni hiyo. Yakaachwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayesoma haya ajiulize kama amewahi kuonyeshwa yalipo. Badala yake walijengewa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zile za miaka ya 1927 na 1928, zenye maandishi yanayowasifu kwa jumla na kuwaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Ni majina yapi hayo, serikali iliyoahidi haikuandika hata moja.

Iliichukua tume hiyo zaidi ya karne kukiri. Baada ya filamu ya televisheni ya mwaka 2019 iliyosimuliwa na mbunge David Lammy, iliunda kamati, na ripoti ya Aprili 2021 ikasema kwamba wahanga wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi Ben Wallace akaomba radhi bungeni kwa niaba ya tume na ya serikali. Tuliipokea radhi hiyo, na hatuidharau. Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina ya zaidi ya wanaume 1,700 wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliofia kwenye vikosi vya kazi. Kumbe majina hupatikana pale yanapotafutwa. Lakini radhi ile iliongelea kumbukumbu peke yake. Kuhusu mishahara hakukuwa na neno. Mdaiwa anayeomba msamaha kwa kusahau mazishi, huku akikaa kimya juu ya fedha ya marehemu iliyo mfukoni mwake, hajamaliza kuongea.

Na malipo ya vita yalikwenda kwa nani? Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia wanajeshi wa kizungu waliostaafu mashamba katika nyanda za juu za Kenya, zaidi ya ekari milioni 2, sehemu yake ikimegwa kutoka ardhi ya Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wamepigana katika vita hivyo hivyo chini ya bendera ya Uingereza. Mwafrika hakustahili shamba hata moja katika mpango huo. Yeye alipata kipande cha utambulisho cha kuvaa shingoni, ambacho sheria yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika vita vilipokwisha, na kodi iliyopandishwa. Uingereza ikapata Tanganyika. Ubelgiji, ambayo jeshi lake la Kongo lilifika Tabora Septemba 1916 juu ya mabega ya wapagazi wa Kongo na wa nchi ilizopita, ikapata Rwanda na Burundi. Jumuiya ya Mataifa ikaugonga mgao huo muhuri na kuuita dhamana takatifu ya ustaarabu.

Ujerumani isifikirie imesahauliwa katika shauri hili kwa kuwa ilishindwa. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikula nchi kama lilivyoikuta. Lilichukua nafaka, ng'ombe na watu bila daftari wala kipimo, na halikuacha nyuma hata orodha mbaya ya wapagazi wake. Ugogo ndio ulioonja zaidi. Wajerumani wakirudi nyuma walikomba chakula na mifugo, Waingereza waliowafuata wakakomba kilichobaki na kuwachukua wanaume, mvua zikakatika, na njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya ikaua watu wanaokadiriwa kufika 30,000 katika wilaya ya Dodoma yenye watu wapatao 150,000. Mafua ya mwaka 1918 yakapita humo humo. Makao makuu ya nchi yetu yamejengwa juu ya ardhi hiyo, na ni wabunge wachache mno wanaoweza kumweleza mgeni kilichotokea hapo.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Ni jambo jema, na limesimuliwa mara nyingi kama mfano wa uaminifu. Sisi tunalisoma pia kwa upande wake wa pili: miaka 46 baada ya vita, askari aliyeshika bunduki alikuwa bado anadai halali na akalipwa. Aliyembebea risasi hakuitwa. Rais Frank-Walter Steinmeier alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji, alifungua mlango ambao ulipaswa kufunguliwa zamani. Mlango huo usifungwe kwenye mwaka 1907. Miaka saba tu baada ya Maji Maji watu wale wale wa kusini walitiwa tena kwenye shokoa, safari hii kwa ajili ya vita vya wengine.

Tumesema ya wakubwa wa nje kwa ukali unaostahili. Ukali huo huo unatuhusu na sisi. Tanzania ina zaidi ya miaka 60 ya uhuru, Kenya vivyo hivyo, na katika muda wote huo hakuna serikali katika ukanda huu iliyodai rasmi mishahara ya wapagazi. Tarehe 25 Julai viongozi wetu huweka silaha za asili na mashada ya maua kwenye minara ya mashujaa; Kenya ina siku yake ya mashujaa tarehe 20 Oktoba. Hotuba huzungumzia waliopigana. Waliobeba hawatajwi, labda kwa sababu ni vigumu kumfanya mtu aliyekamatwa usiku na kufa kwa kuhara kuwa shujaa wa jukwaani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, wafanyabiashara wanapanga bidhaa pale palipokuwa na kambi, na mamlaka za miji miwili hazijaona haja ya kuweka hata bango moja la kumweleza mtoto wa shule kilichokuwepo. Hilo Byatt hakutulazimisha. Tumelifanya wenyewe, kwa hiari yetu.

Wapo watakaosema kudai ni kujidhalilisha na kwamba taifa lililo huru halipigi hodi kwa bwana wa zamani. Tunawajibu kwa mfano wa majirani zetu. Wazee wa Mau Mau walipokwenda mahakamani London walichekwa kwa maneno hayo hayo: kale, wafu, daftari hazipo. Kumbe majalada maelfu yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikalazimika kukiri kuwa inayo. Juni 2013 ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na waziri William Hague akaeleza masikitiko bungeni. Hawakujidhalilisha wazee wale. Walikwenda na mawakili, wanahistoria na ushahidi, wakaondoka na haki kidogo ambayo hawangeipata kwa kukaa kimya. Tofauti ni kwamba wao walikuwa hai. Wapagazi hawana tena mtu wa kusimama kizimbani, na kwa hiyo jukumu limehamia kwa serikali zetu moja kwa moja.

Madai yenyewe si magumu kuyaandika. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina Kongo, Rwanda na Burundi ndani yake, iandike madai ya pamoja pale Arusha na kuwaalika Malawi, Zambia na Msumbiji waungane nayo. Uingereza itakiwe kueleza kwa tarakimu kiasi cha mishahara isiyochukuliwa kilichorudi kwake, na kukilipa kwa riba ya hatifungani zake yenyewe. Tunakubali kwamba fedha hizo haziwezi tena kugawiwa mtu mmoja mmoja. Zifanye lile lililopendekezwa na kukataliwa miaka ya 1920: ziende kwenye zahanati na shule za wilaya zilizotoa watu, kwa uwiano wa watu waliotolewa. Ujerumani, kwa kuwa haina orodha, ifadhili uchunguzi wa kuzitengeneza. Ubelgiji na Ureno zifungue nyaraka zao. Na fedha yoyote itakayopatikana isipitie mfuko mkuu wa serikali yoyote ya kwetu, maana tunajijua.

Lakini kazi ya kwanza haimngojei mtu wa London. Wajukuu wa wapagazi bado wapo, na katika koo nyingi wanajua babu aliyeondoka hakurudi, aliitwa nani na alichukuliwa wakati wa chifu gani. Makavazi ya taifa ya Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi yana vijana waliosoma wanaoweza kuyaandika majina hayo kata kwa kata kabla kizazi hiki hakijaondoka. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili lina nafasi ya kutosha kwa Mtunya na kwa kambi ya Kariakoo. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi ziwe na ramani ya yalipokuwa makaburi ya wapagazi, ramani za zamani zipo, na zikatae kumpa mwekezaji kiwanja juu ya mifupa bila kwanza kujua ni ya nani. Yote haya yanahitaji fungu katika bajeti. Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na makavazi atakaposimama mbele ya Bunge la Bajeti, wabunge wa Dodoma, Mbeya, Ruvuma na Dar es Salaam wamuulize fungu hilo liko ukurasa gani, na kama halipo, wasipitishe makadirio yake mpaka aliweke.